Goba: Mnunuzi mpya amejenga ukuta, nyumba ya marehemu baba imebaki haina njia. Tuanzie wapi?

Kifuu_cha_Nazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa wanasheria na wapima mliomo humu.

Marehemu baba alinunua kiwanja Goba, Dar es Salaam, mwaka 1998 kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mikorosho. Mzee alimkatia baba kipande cha nyuma, cha mbele kinachogusa barabara ya mtaa akabaki nacho mwenyewe. Tangu hapo tumekuwa tukipita pembeni mwa shamba lake, upande wa mashariki, kando ya minyaa. Gari lilikuwa linaingia mpaka mlangoni. Tofali zote za nyumba zilipita hapo, na baba mwenyewe tulimtoa kwa njia hiyo siku ya mazishi.

Mzee naye alishatangulia mbele ya haki. Watoto wake wakakiuza kile kipande cha mbele kwa bwana mmoja, na huyo bwana mwaka jana aling'oa minyaa yote, akazungusha ukuta kona hadi kona. Sasa hivi mama anaingia kwake kwa kukatiza uani kwa jirani wa nyuma, kichochoro cha kupita mtu mmoja, tena kwa hisani tu. Boda inaishia mbali. Shimo la choo limejaa na gari la kunyonya majitaka haliwezi kusogea.

Nilimfuata yule bwana kwa adabu. Akasema amenunua eneo lote, mkataba wake hautaji njia, na tukitaka njia tukawaulize waliomuuzia. Waliomuuzia nao wanasema mzee hakuwaambia kitu.

Mkataba wa baba umeandikwa kwa mkono, una mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa wakati ule. Hati hatuna, eneo halijapimwa. Kwenye ukoo kuna wanaotaka tukavunje ukuta. Mimi sitaki tufike huko. Tuanzie wapi?

Ng'ombe_wa_Maskini

Sululu moja, vijana wanne, saa nane za usiku. Asubuhi mnaamka njia ipo, mengine mtaongea mbele ya safari.

Binti_Pangani

@Ng'ombe_wa_Maskini halafu dhamana atawawekea nani? Wewe?

Wakili_Mtaani

Mkuu Kifuu, pole sana. Huo ushauri wa sululu uache ulipo. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni jinai, ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, na siku mtakayougusa ule ukuta mtakuwa mmembadilisha yule bwana kutoka mlalamikiwa kuwa mlalamikaji. Kesi yenu ya njia itakaa pembeni mkihangaika na ya polisi.

Kabla sijasema lolote nijibu mambo mawili. Mkataba wa baba umeandikaje mipaka ya kiwanja, neno kwa neno? Na msimamizi wa mirathi ya baba ni nani?

Kifuu_cha_Nazi

Nimeufungua sasa hivi. Sehemu ya mipaka inasema: "Kaskazini anapakana na familia ya" (jina la jirani), "Magharibi bonde, Mashariki" (jina lingine), "Kusini shamba la muuzaji na njia ya gari."

Mirathi hatujafungua. Mama yupo, sisi watoto tuko wanne, hatuna ugomvi wowote, kwa hiyo hatukuona haja.

Wakili_Mtaani

"Na njia ya gari." Mkuu, piga picha huo mkataba, utoe nakala, halafu nakala halisi uitunze pasipo mchwa wala shemeji.

Nieleze kwa nini. Mikataba mingi ya zamani ya maeneo yasiyopimwa haina ramani, haina vipimo, pengine imeandika "hatua arobaini kwa thelathini" basi. Lakini karibu yote ina pande nne na nani yuko kila upande. Watu huisoma sehemu hiyo kama mapambo. Baraza la ardhi likiletewa mgogoro wa njia, hapo ndipo linapoanzia, kwa sababu muuzaji mwenyewe, mbele ya mashahidi, alikiri kwamba siku ile anauza, upande ule kulikuwa na njia, na njia yenyewe ni ya gari. Watoto wake hawawezi kurithi zaidi ya alichokuwa nacho baba yao. Alibaki na shamba lenye njia ya watu wengine ndani yake, na ndicho walichorithi, na ndicho walichoweza kumuuzia huyo bwana.

Hata kama mkataba ungekuwa kimya, bado mna hoja. Mtu akigawa ardhi yake akakuuzia kipande ambacho hakifikiki isipokuwa kwa kupita kwenye kile alichobakiza, inahesabika kwamba amekuuzia pamoja na njia ya kufikia. Hiyo ni kanuni ya zamani ya sheria ya Uingereza, na kifungu cha 180 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, kinaruhusu kanuni za namna hiyo zitumike kwetu pale ambapo hazigongani na Katiba wala sheria zetu. Sheria hiyohiyo ya Ardhi ina sehemu nzima inayohusu haki za njia na zinazofanana nazo. Msingi wake ni kwamba haki ya njia inaishika ardhi, haimfuati mtu. Kiwanja cha nyuma kinafaidika, cha mbele kinabeba mzigo, na vinaendelea hivyo hata wenyewe wakibadilika.

Huyo bwana atajitetea kwamba alinunua kwa nia njema bila kujua. Sawa, muulizeni: siku aliyoletwa na dalali, ile minyaa na alama za matairi zilikuwepo au hazikuwepo? Na nyumba iliyo nyuma, yenye watu, alidhani wanaingia kwa helikopta? Tafuteni picha za zamani. Picha za harusi, za msiba, gari la mchanga limesimama mlangoni. Na picha za setilaiti za miaka ya nyuma zinazopatikana bure kwenye Google Earth, njia kando ya minyaa mara nyingi inaonekana kama mstari mweupe. Chapisha.

Sasa la mirathi. Hapa ndipo watu wanapoanguka. Kiwanja bado ni mali ya marehemu. Wewe mtoto, hata mama, mkienda barazani kwa majina yenu kudai haki ya kiwanja cha marehemu, wakili wa upande wa pili atasimama aseme hamna mamlaka ya kushitaki, na shauri litatupwa kabla hata ukuta haujatajwa. Fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpendekeze mmoja wenu, chukueni cheti cha kifo, nendeni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ndiye atakayesaini kila kitu cha njia hii, iwe shauri au mapatano.

Na ulizeni kwa upole: hao watoto wa mzee walipouza, nani alikuwa msimamizi wa mirathi ya baba yao?

Kifuu_cha_Nazi

Duh. Hilo la mwisho nitalifuatilia. Ninavyosikia waliuza kwa kukubaliana tu wenyewe kwa wenyewe.

Wakili_Mtaani

Basi usilitangaze mtaani kama tishio. Liweke mfukoni. Mauzo yaliyofanywa na watu wasio wasimamizi yana kasoro kubwa, na yule bwana akigundua hilo atataka mwenyewe kukaa mezani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ukuta wa mamilioni.

Jirani_Mbaya

Ngoja niongee kwa niaba ya wenye kuta maana humu naona tumeshahukumiwa.

Mimi nina kiwanja Kibamba, nimenunua kwa hela ya mkopo, kila futi nimeilipia. Akaja mama mmoja wa nyuma ananiambia "hapa katikati ni njia yetu." Njia ilikuwa inakatiza pale ninapotaka kujenga sebule! Nikagoma. Ningekuwa mbaya? Katiba ibara ya 24 inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila fidia inayostahili. Ukija kwangu na maneno ya "tumepita hapa miaka yote" nitafunga geti. Ukija na tepu, mchoro na mezani ukaweka kitu, tunaongea.

Tuliyamaliza hivi. Njia tuliihamisha ikakaa pembeni kabisa kwenye mpaka, mita tatu. Yeye alilipia kile kipande kwa bei niliyonunulia, na kulipia tofali na fundi wa kurudisha ukuta ndani. Nami nikapata sebule yangu. Tunasalimiana.

Mwambie Kifuu ampe yule bwana sababu ya kukubali. Mtu ambaye ameshajenga ukuta habomoi kwa kuonewa huruma mama wa mtu mwingine. Anabomoa akijua ukuta mpya si gharama yake.

Binti_Pangani

@Jirani_Mbaya umeongea. Ila tofauti ni kwamba kwa Kifuu njia haikuwa katikati, ilikuwa pembeni tayari. Huyo bwana hakupungukiwa sebule, aliona minyaa akaona ardhi ya bure.

Dalali_wa_Ukweli

Mkuu Kifuu, kama mambo yakiwa magumu nina mteja anatafuta eneo Goba, hajali njia. Nicheki.

Binti_Pangani

"Hajali njia" kwa bei gani? Nyie ndio mnaonunua nyuma kwa bei ya kutupwa halafu mnamfuata wa mbele. 😂

Mzee_wa_Bikoni

Nimefika, nilikuwa saiti. Mimi ni mpima, nitaongea ya kwetu.

Kwanza nenda ofisi ya mtaa, uliza kama urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, umepita au umepangwa kupita. Ukiwa umepita, kuna mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na huo unaonyesha barabara na njia zote. Njia yenu ikiwemo kwenye mchoro, huna haja ya kumbembeleza mtu, huyo bwana amejenga kwenye njia iliyopangwa. Ikiwa haimo na mchoro bado ni rasimu, mna bahati: rasimu huletwa kwa wananchi waione na kuisahihisha. Hicho kikao ndicho watu hawaendi, wanaona ni siku ya kupoteza, halafu miaka miwili baadaye wanaanza kutafuta mawakili. Uliza pia kama njia imo kwenye orodha ya barabara za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ingawa kwa kichochoro cha nyumba moja sitegemei.

Pili, pelekeni barua ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Ubungo, mweleze kwamba kuna mgogoro wa njia, mwambatishe mkataba. Sababu ni hii: huyo bwana akiomba kupimiwa na kupata hati ya eneo lote kabla hamjasema neno, mtakuwa mnapigana na hati. Na hati kuirekebisha ni kazi ya kuchosha. Wakati huohuo ulizeni kama alikuwa na kibali cha ujenzi cha huo ukuta.

Tatu, vipimo, maana hapa naona watu wanataja "mita tatu" kama vile wanakata kitambaa. Mita 3 zinatosha gari moja dogo likienda moja kwa moja. Tatizo halipo kwenye unyoofu, lipo kwenye kona. Lori la mchanga au gari la majitaka likitoka barabara ya mtaa kuingia kwenye njia ya mita 3 iliyobanwa na kuta pande zote mbili, halipindi. Litagonga ukuta wa mtu, na ugomvi unaanza upya. Kwa hiyo mkikubaliana, dai kukatwa kwa kona: pale njia inapokutana na barabara, ukuta usiishie kwenye pembe kali, ukatwe mshazari. Kipande cha pembetatu cha mita mbili kwa mbili tu, lakini ndicho kinachofanya njia iwe njia. Mkipata mita 4 chukueni 4. Na mwisho wa njia, mbele ya nyumba yenu, acheni nafasi ya kugeuzia kwenye kiwanja chenu wenyewe, la sivyo kila gari litarudi kinyumenyume likipiga honi usiku, na jirani atajuta kukubali.

Nne, maji. Mkishabana njia kati ya kuta mbili mmetengeneza mfereji. Goba ile ina miinuko, mvua za masika zitapita hapo kwa kasi. Nani anajenga mtaro? Iandikwe.

Mkiambu254

Hamjambo ndugu zetu. Mimi nasoma kutoka Ruiru. Hapa Kenya hilo jambo liko kwenye sheria kwa jina kabisa. Land Act ya 2012, kifungu cha 140: mwenye shamba au ploti iliyozingirwa, isiyo na njia, anaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba amri ya njia. Majirani wote wanaopakana naye ni lazima wapewe nakala ya ombi.

Kinachovutia ni yale mambo ambayo jaji anatakiwa kuyaangalia. Njia ilikuwa vipi wakati unanunua. Ploti ilizingirwa kwa sababu gani. Mlivyojibeba wote wawili, pamoja na kama mlijaribu kuongea kabla ya kuja kortini. Na nani ataumia zaidi, wewe ukinyimwa au jirani ukipewa. Korti ikikubali inaweza kuamuru umlipe jirani fidia, au mbadilishane vipande vya ardhi, na pia ipange nani ataweka ua na kutunza njia. Halafu amri inasajiliwa kwenye rejista ya lile shamba.

Kuna pia ile ya kutumia njia kwa miaka 20 mfululizo, wazi, kwa amani, bila kuomba ruhusa. Hiyo iko kwenye sheria yetu ya ukomo wa kesi, Sura ya 22. Hapo watu huanguka kwa sababu walikuwa wanapita kwa ruhusa ya jirani. Ruhusa haizai haki.

Binti_Pangani

Kwa hiyo na huyu mama wa Kifuu anayepita uani kwa jirani wa nyuma "kwa hisani" hajengi haki yoyote?

Mkiambu254

Kwa kwetu, la. Na akiendelea sana, yule wa mbele atasema: si mnayo njia nyingine?

Wakili_Mtaani

Asante sana jirani wa Ruiru. Wadau wa Bongo, msiende kwenye baraza letu na kifungu cha 140 cha Kenya, mtachekwa. Ila yale maswali manne aliyoyataja yaandikeni kwenye karatasi, maana hata mwenyekiti wa baraza letu ni binadamu, atayauliza kwa maneno mengine. Hasa lile la kujaribu kuongea. Kwa hiyo mkuu Kifuu, mwandikie yule bwana barua sasa, ya heshima, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, umweleze njia ilivyokuwa na uambatishe ule ukurasa wa mipaka. Barua hiyo itakuwa ushahidi kwamba alielezwa. Na kwa huyo jirani wa nyuma, andikishaneni kikaratasi kwamba mama anapita kwa muda tu, kwa sababu njia yake imezibwa. Inamlinda jirani, inawalinda na nyinyi.

Ngazi zenyewe kwa wasiojua. Baraza la Kata zamani lilikuwa linaamua kesi ndogo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 haliamui tena, linasuluhisha tu. Lakini huwezi kuliruka: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka uwe na uthibitisho wa Kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata wakikaa kimya siku 30 zikapita, unaruhusiwa kuendelea. Baraza la Wilaya linasikiliza migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Hukumu ikikuumiza unazo siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ombeni baraza litembelee eneo. Wazee wa baraza wakisimama mlangoni kwa mama wakaona kwa macho, mengi yanajieleza.

Na jambo moja la kiufundi. Mtashawishika kuiunganisha halmashauri kwenye shauri kwa kuwa "ilimwacha ajenge." Fikirini sana kabla. Ukimshitaki chombo cha serikali, serikali za mitaa zikiwemo, unatakiwa utoe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Kwa mgogoro wa majirani wawili mnakuwa mmejifungia wenyewe.

Pande zitakazoitwa barazani lazima ziwe tatu: nyinyi, mwenye ukuta, na watoto wa mzee. Hao wa tatu wakikosekana hamtafika mahali, kwa sababu hela ya kile kipande cha njia wanayo wao. Waliuza ardhi yenye mzigo kwa bei ya isiyo na mzigo.

Mwana_Lamu

Huku kwetu Lamu wazee walikuwa na akili. Mtu akitaka chumba na mbele yake pana njia ya watu, anajenga wikio: chumba juu, kuta pande mbili, chini watu na punda wanapita kama kawaida. Mwambie bwana ajenge gorofa juu ya njia. 😄

Mzee_wa_Bikoni

Punda atapita. Gari la majitaka je? 😄

Kifuu_cha_Nazi

Wakuu, narudi na mrejesho.

Tulifungua mirathi, dada yetu mkubwa ameteuliwa kuwa msimamizi. Barua tulipeleka. Kwenye Baraza la Kata bwana alikuja mkali, ana mkataba wake kwenye bahasha. Watoto wa mzee walikuja wawili. Mjumbe wa zamani wa shina letu, ambaye jina lake lipo kama shahidi kwenye mkataba wa baba, alikuja na fimbo yake, akaulizwa kama anaikumbuka njia. Akasema si kuikumbuka tu, yeye ndiye aliyepanda ile minyaa kwa malipo ya mzee, na aliambiwa aache nafasi ya "lori la kokoto." Baada ya hapo sauti zikashuka.

Lile la usimamizi wa mirathi hatukulitaja sisi. Msuluhishi mwenyewe aliuliza. Watoto wa mzee wakaangaliana.

Tumekubaliana hivi: njia mita 3.5 upande wa mashariki, kona ikatwe. Watoto wa mzee wamrudishie bwana thamani ya kile kipande kwa bei aliyonunulia, kwa awamu. Ukuta mpya wa ndani tunajenga sisi. Bwana anataka awe na geti barabarani, na tuwe na funguo. Hapo ndipo tulipokwama kidogo, ndugu zangu hawataki geti. Wakili na mzee wa bikoni, mnasemaje?

Mzee_wa_Bikoni

Geti hapana. Ikateni iwe njia kwenye mchoro, itoke kabisa kwenye kiwanja chake. Kiwanja chake kinapungua, na kodi ya pango la ardhi akishapata hati itahesabiwa kwa kilichobaki. Njia inakuwa ya umma, nguzo za umeme na bomba vinapita hapo, zimamoto inaingia bila kuomba funguo, na hakuna mtu atakayeuza tena.

Wakili_Mtaani

Kiramani uko sawa kaka, lakini mimi nasaini kile ambacho kimekubalika leo. Huyo bwana anaogopa njia ya umma mbele ya dirisha lake, boda na vijana wa kukaa. Mpe haki ya njia: ardhi inabaki yake, inabeba mzigo wa nyumba ya nyuma, geti liwepo lakini lisifungwe kwa kufuli mchana, na usiku funguo mnazo. Nusu ya kitu kilichosainiwa naiona bora kuliko mchoro mzuri unaosubiri kuidhinishwa.

Mzee_wa_Bikoni

Na siku mwanawe akibadilisha kufuli?

Jirani_Mbaya

Mimi mwenye ukuta nakuambieni: geti litamfanya asaini wiki hii. Bila geti ataomba muda wa kufikiria, na akishafikiria atampata wakili.

Wakili_Mtaani

Ndivyo. Na kwa swali la mwanawe, jibu ni maneno ya mkataba. Mkuu weka rasimu hapa tuione, futa majina.

Kifuu_cha_Nazi

Sehemu kuu: "Mimi mmiliki wa kiwanja cha mbele nakubali familia ya kiwanja cha nyuma kupita upande wa mashariki wa eneo langu kwa upana wa mita 3.5, na sitaziba njia hiyo. Familia itajenga ukuta kwa gharama zake. Geti litakuwepo, na kila upande utakuwa na funguo."

Wakili_Mtaani

Hapana. "Nakubali familia kupita" ni ruhusa, na ni kwa familia. Mkiuza kesho, mnunuzi wenu hana kitu. Badilisheni hivi:

"Mmiliki wa kiwanja cha mbele anatoa haki ya njia ya kudumu, kwa miguu na kwa magari ya aina zote, kwa manufaa ya kiwanja cha nyuma. Haki hii itawafunga warithi wake na yeyote atakayekipata kiwanja cha mbele kwa njia yoyote, na itamnufaisha yeyote atakayemiliki kiwanja cha nyuma. Njia ni ile iliyoonyeshwa kwenye mchoro ulioambatishwa. Pande zote zinakubali njia hii ionyeshwe kwenye upimaji wowote wa viwanja hivi na isajiliwe hati zitakapotolewa."

Huo mchoro achore mpima, uwe na majira ya nukta (koordineti) za kona zote. Umeme, maji na majitaka vitajwe, maana "kupita" hakumaanishi kuchimba bomba. Bwana ana mke? Mke asaini ridhaa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuguswa na mmoja bila mwenzake, na hamtaki mama mwenye nyumba aje kusema hakushirikishwa. Kama kiwanja kimewekwa rehani benki, benki iandike kwamba imeridhia. Watoto wa mzee wasaini kwenye mkataba huohuo, si wa pembeni, na tarehe za awamu zao ziandikwe. Shuhudieni kwa wakili, halafu lipeni ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Mkimaliza, nakala moja ofisi ya mtaa, moja ofisi ya ardhi kwenye lile faili la barua yenu ya kwanza.

Mzee_wa_Bikoni

Na mtaro.

Wakili_Mtaani

Na mtaro, ndiyo.

Kifuu_cha_Nazi

Mtaro bwana amesema tugawane nusu kwa nusu. Mke yupo, tena ndiye aliyemlainisha mumewe kuhusu kona. Fundi anaanza kushusha tofali za ukuta wa zamani Jumamosi. Bwana anaomba tofali nzima zirudi kwenye ukuta mpya, zipunguze gharama. Ni sawa?

Jirani_Mbaya

Sawa kabisa, ila zihesabuni wote wawili kabla hazijaanza kupangwa. Na malipo ya fundi mpeni kwa awamu, ya mwisho akishakata kona.

Dalali_wa_Ukweli

Mkuu Kifuu, yule mteja wangu sasa hivi anauliza bei ikiwa na njia.